Puto la Kumwonyesha Mama Turkana

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kliniki ya macho na Mama. Presha ya macho imekwisha kula jicho la kushoto, na la kulia limebakiza kitundu cha kuonea. Daktari anasema huenda kikazibika kabla mwezi haujaisha. Mama hakulia. Aliuliza tu kama kitundu hicho kinatosha kuona Turkana.

Baba aliendesha lori la mahindi. Mwaka wa 1997 mto wa msimu ulimbeba huko Turkana, mbele ya Lodwar, yeye na lori, na mwili haukupatikana. Mama husema kaburi la mumewe ni mchanga wote ule, na mtu hawezi kuuona wote akiwa amesimama chini. Nimemwahidi kumpandisha juu. Mimi, Irungu, muuza turubai wa mtaa wa Pioneer!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimepata! Puto la hewa moto. Turubai za kuanikia mahindi ninazo kumi na nne. Wangila wa Moi's Bridge ana mashine ya kukausha mahindi, inapuliza hewa moto kutwa nzima. Ajabu hakuna mtu wa huku kwetu aliyewahi kuunganisha vitu hivi viwili. Tukishajaribu, kila kitu kitapakiwa kwa lori hadi Lodwar. Mama atapaa, mimi nitabaki chini nikishika kamba. Kimebaki kikapu cha chuma tu. Bahati mbaya, fundi wa kuchomelea aliye karibu ni jirani yangu Ogola.

Jumatano, 8 Oktoba
Ogola alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaacha kucheka, akauliza hali ya macho ya Mama. Akasema mpwa wake Byron anarusha ndege ndogo ya watalii kutoka hapa Eldoret, wanaenda kuangalia jangwa la Turkana. Jumamosi hii kuna viti vitatu vitupu, bure kabisa. "Mama Irungu ni mama yangu pia, bana."

Byron! Miaka sita sasa kwa Ogola ni Byron asubuhi, Byron mchana, Byron amepita juu ya paa. Yaani Mama aje aseme alionyeshwa mumewe na mpwa wa Ogola? Nikajibu kwamba Mama anaogopa ndege. Ukweli ni kwamba anayeogopa ndege ni mimi. Mama sikumwambia lolote.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ndege ya Byron imepita saa tatu asubuhi. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe. Aliinua uso kuutafuta mlio, akauliza inaelekea wapi. Nikasema Nairobi. Nimeshinda dukani nikishona. Sindano imenichoma mara nne.

Jumamosi, 18 Oktoba
Shambani kwa Wangila. Mashine ikawashwa. Puto likainuka! Likafika kimo cha punda, likalala ubavu, likaanza kunuka. Kumbe turubai huyeyuka. Miaka kumi na moja naziuza! Wangila anasema mashine imemeza plastiki, wenye mahindi wako kwenye foleni, na mvua hiyo inakuja. Alinipa chai kwanza, kisha akanifukuza.

Nyumbani Mama alinusa nguo zangu, akaenda kuniletea shati safi. Akakikabidhi kiti, akidhani ni mimi. Nilienda bafuni nikalia.

Jumatatu, 20 Oktoba
Nimeenda kwa Ogola. Nikasema Mama ameshinda woga. Hakuniuliza kitu, alipiga simu pale pale. Tunaondoka Jumamosi, sote watatu.

Ijumaa, 24 Oktoba
Leo asubuhi Mama ameuliza mbona sijafungua madirisha. Yalikuwa wazi yote.

Jumamosi, 25 Oktoba
Tulienda hivyo hivyo, ingawa Mama sasa haoni kitu. Mama alikuwa amevaa gauni ya kanisani, akasema harudi ndani kuivua kwa ajili ya macho. Byron ni kijana mpole, nasikitika kuandika. Alipotangaza kwamba tumefika juu ya jangwa, Mama alinishika mkono, akataka nimwambie ninachoona. Mimi nilikuwa nimefumba macho tangu Eldoret. Nikasema mchanga. Akauliza ni wa rangi gani. Nikabahatisha: mweupe.

"Si mweupe, Mama," Ogola akasema kutoka nyuma. "Uko kahawia kama uji wa wimbi. Mto umekauka, lakini njia yake inaonekana yote, na miti imeufuata mpaka mbali."

Aliendelea hivyo karibu nusu saa. Mama aliitikia kwa kichwa polepole, machozi yakimtoka. Halafu Ogola, bila ubaya, akasema heri Mama ameshinda ule woga wa ndege, maana wiki mbili zilizopita viti vyetu viliondoka vitupu.

Mama aliuachilia mkono wangu. "Mimi sijawahi kuogopa ndege," alisema.

Jumatatu, 27 Oktoba
Mama hanisemeshi. Anajibu salamu, anakula, basi. Alasiri amemwita Ogola aje amsimulie ule mto tena. Nilipowasogelea walinyamaza. Imeniuma sana.

Nimefikiria kosa lilikuwa wapi. Ni ndege! Inakimbia mno. Mama anahitaji kitu cha polepole. Na turubai ya pamba haiyeyuki. Nimeagiza ishirini. Mama sijamwambia. Nataka aje ajionee mwenyewe.