Senti Hamsini, Wiki ya Kumzika Kwizera

Jumatatu, 16 Agosti 2021

Bila mimi, Sydney isingekuwa na Warundi. Naandika wazi ili wajukuu wasome. Mwaka 2006 niliposhuka uwanja wa ndege na begi moja la turubai, serikali ya Australia ilituma mtu mkubwa kunipokea. Alishika kibao chenye jina langu, MÉTHODE, herufi kubwa. Alinitazama, akaandika ripoti. Baada ya ripoti ile ndipo wakasema basi, waleteni na wengine. Wakaja. Kwizera naye akaja. Hakuna aliyewahi kunishukuru.

Sasa Kwizera hayupo. Jumamosi, moyo. Kila anayepiga simu anauliza kama ni korona, na kila mara Spéciose anajibu hapana, ni moyo, kama mtu anayeomba radhi. Spéciose ni mke wangu. Kwizera ni kaka yake, ndugu pekee aliyekuwa naye upande huu wa dunia. Mazishi Ijumaa saa nne asubuhi. Sheria ya lockdown inaruhusu watu kumi kaburini. Kumi! Kule kambi ya wakimbizi hata mtu asiyependwa alizikwa na watu mia mbili.

Orodha ya kumi iko kwa Verdiane, mjane. Mimi sikuwemo! Nikampigia mara nne. Nikamweleza kwamba ni mimi niliyemfundisha marehemu baiskeli, Kiingereza na jinsi ya kumchumbia yeye mwenyewe Verdiane. Mara ya nne akasema haya shemeji, namba kumi ni yako, niache nilale. Aliyetolewa ni Mwiti, Mkenya wa ghorofa ya chini, aliyekuwa akicheza karata na marehemu. Miaka miwili tu ya karata! Haki imetendeka.

Spéciose ametoa amri: hakuna kutoka nje mpaka Ijumaa. Anasafisha wodi hospitali ya Westmead, anajua mambo haya. Anasema ukikaa karibu na mgonjwa wa korona hata dakika chache, unafungiwa siku kumi na nne, na hataki chochote kimzuie kumrushia kaka yake udongo. Nimekubali. Mimi ni mtu wa kutii.

Jioni nikapeleka takataka. Mwiti kanisimamisha kwenye ngazi, barakoa kidevuni, akanionyesha picha ya senti hamsini ya mwaka 1966. Hamsini za siku hizi zina pembe kumi na mbili. Ile ni ya duara, na ndani ina madini ya fedha. Kaiuza mtandaoni dola kumi na nane! Akasema, "Uncle, ni simple. Unaenda benki, unabuy roli, unacheki, zingine unarudisha. Huwezi loss." Roli ni sarafu ishirini zimefungwa karatasi, dola kumi. Nikamjibu hayo nayajua tangu 2006.

Nimepiga hesabu chakula kikipoa. Kila roli, ya duara moja. Roli ishirini kwa siku. Kufikia Krismasi nina nyumba ya matofali na Mwiti ananifyekea majani.

Jumanne, 17 Agosti

Spéciose alilia mpaka asubuhi, kisha akameza dawa akalala. Nafasi hiyo! Nikachukua simu yake mezani. Yangu niliiacha kwenye chaji. Benki huingii bila kuskani ile picha ya miraba mlangoni, ili wajue nani alikuwa wapi. Nikaskani. Ikaandika: Karibu, Spéciose. Nikaingia kifua mbele.

Keshia anaitwa Cheryl, jina liko kifuani. Akasema roli ni za wafanyabiashara, mimi nafanya biashara gani. Nikasema nina mashine tatu za kufulia, mtaa wetu wote wa Merrylands unavaa nguo safi kwa ajili yangu. Akauliza kama zinapata wateja na lockdown hii. Nikasema ndio kwanza, watu wanavaa pajama tu, nazo zinachafuka. Akanitazama kama yule mtu wa uwanja wa ndege. Akanipa ishirini. Dola mia mbili za msaada wa serikali ninaoupata tangu zifungwe ofisi ninazofagia mjini.

Alipokuwa anahesabu, simu ikalia mfukoni. Namba ya Tanzania: Gloriose, dada yao mkubwa, aliyebaki kambini Nyarugusu. Ili apige lazima atembee mpaka mlimani kwenye mtandao. Nikaikata. Huwezi kuongea na wafiwa mbele ya keshia. Ikalia tena. Nikaikata tena.

Kilo sita begani! Polisi mlangoni mwa maduka akauliza nimebeba nini. Nikasema viazi vitamu. Akasema viazi vyako vinalia kama kengele. Nikasema ni vya Kiafrika. Akaniacha nipite.

Nimekagua bafuni, mlango umefungwa, taulo sakafuni ili sarafu zisilie. Sarafu mia nne. Nimesoma mwaka wa kila moja: 1988, 1994, 2001, 2016. Hata moja ya duara! Mwiti hajanipa siri yote.

Jumatano, 18 Agosti

Spéciose ameamka, akauliza kama Gloriose alipiga. Nikasema mtandao wa kule unajulikana. Amekaa na simu mapajani tangu saa mbili, anaitazama.

Nikaaga naenda kutupa takataka. Nikaenda benki na roli kumi nilizozifunga upya, nizibadilishe. Simu ya Spéciose sina. Nikasimama mlangoni na kilo tatu, najifanya nasoma tangazo. Mlinzi akasema kuna daftari hapo pembeni, mzee, andika jina tu. Daftari! Lilikuwepo siku zote! Nikaandika Mh. Méthode.

Cheryl akauliza mashine zinaendeleaje. Nikasema zimechoka. Akabadilisha. Nyumbani nikafungua roli mpya. Sarafu ya tatu ina doa la rangi ya kucha, ya kijani. Doa nalijua. Nililisugua jana kwa kidole nikidhani ni hazina. Cheryl amenipa sarafu zangu mwenyewe! Nimezunguka na kilo tatu nikanunua kilo tatu zilezile.

Spéciose akauliza kwa nini takataka zimechukua saa nzima. Nikasema siku hizi kuna foleni hata huko.

Alhamisi, 19 Agosti

Siku mbaya. Nitaandika kwa ufupi.

Asubuhi ujumbe umeingia kwenye simu ya Spéciose kutoka kwa watu wa afya. Alikuwa benki Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili. Palikuwa na mgonjwa. Apime, kisha abaki ndani siku kumi na nne. Akasoma mara tatu. Kwanza akacheka. Mimi? Benki? Nikamwambia kompyuta zimechoka, zina kazi nyingi mno. Akawapigia. Akasikiliza muziki wao saa nzima. Akawaambia hajatoka ndani wiki nzima, kesho anamzika kaka yake. Wakamjibu kwa upole kwamba simu yake ilikuwa pale. Akanigeukia kama shahidi. Nikasema simu nazo hukosea.

Nikaingia bafuni kufikiri. Nikisema, yeye anakwenda, mimi nabaki, na namba kumi inarudi kwa Mwiti. Na hotuba nimeshaandika, kurasa nne! Nisiposema, nakwenda mimi kwa niaba yetu wote wawili, na hotuba inasomwa. Nikaona hata marehemu angependa hotuba. Nikakaa kimya. Saa sita. Saa nane. Spéciose hakubishana tena na mtu. Akatoa kitenge cheusi, akakipiga pasi pole pole, pindo kwa pindo, akakitundika mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Kila nikitaka kwenda jikoni, kitenge kinanigusa uso.

Saa kumi na moja na dakika ishirini nikawapigia watu wa afya, kwa simu yangu. Nikamweleza afisa yote, isipokuwa mashine za kufulia. Akanishukuru kwa uaminifu. Akasema kwa kuwa tumelala nyumba moja tangu Jumanne, sasa tunabaki ndani wote wawili. Mfiwa wa damu huombewa kibali, akasema, lakini wanaotoa vibali wameondoka saa kumi na moja. Ningepiga mchana ingewezekana.

Dakika ishirini!

Nikamwambia Spéciose. Nilianzia mwaka 2006 ili aelewe vizuri. Akanikatiza.

"Baba Mirindi, kwa nini simu yangu?"

Nikasema yangu ilikuwa kwenye chaji.

"Méthode. Hujui kuskani kwa simu yako. Umefundishwa mara tatu. Ungeniamsha tu."

Nikasema kamera ina vumbi. Akafungua simu, akarudi nyuma mpaka Jumanne, akakuta Gloriose, mara mbili, imekatwa. Hakuniuliza. Ningependa aniulize. Jibu nilikuwa nimeliandaa.

Ijumaa, 20 Agosti

Tumezika kwa simu.

Namba kumi ni Mwiti, bila shaka. Ndiye aliyeshika simu ya kuturushia picha. Dakika tano za kwanza ametuonyesha viatu vyake. Hapa nyumbani simu ya Spéciose haikuwa na kitu cha kuiegemea, inaanguka. Akatazama mezani, akachukua roli sita, akazipanga tatu tatu, akaiegemeza hapo. Amevaa kitenge. Amepiga magoti sakafuni mbele ya senti hamsini zangu, uso kwa uso na kioo cha simu.

Mwiti akapewa nafasi aseme neno. Akasimulia jinsi Kwizera alivyobeba mlango wa choo kichwani kutoka Kigoma. Hadithi ile ni yangu! Nilimpa mimi, kwenye ngazi! Na mlango haukuwa wa choo, ulikuwa wa kanisa. Nikapiga kelele. Sauti yetu ilikuwa imezimwa, sikusikika.

Jeneza likaanza kushuka. Picha ikaganda. Jeneza nusu ndani, nusu nje, mkono wa mtu hewani. Spéciose akasema halo. Akasema halo, Mwiti, sogea, tafadhali mwanangu sogea. Picha iliporudi walikuwa wanasawazisha udongo. Mwiti akasema, "Auntie pole, network. Lakini nimerusha mchanga kwa jina lako." Spéciose akasema asante.

Kisha akavua kitenge, akakikunja.

Jumapili, 22 Agosti

Majibu ya vipimo yamekuja. Hatuna korona. Hata yeye, hata mimi. Lakini siku kumi na nne ni siku kumi na nne.

Katika kundi la WhatsApp la jamii mtu ameandika kwamba inasikitisha, dada wa marehemu kuzurura benki wiki ya msiba. Wengine wameweka vile vikaragosi vya kulia. Wengine wameuliza alikuwa anatafuta nini huko, au ni urithi. Verdiane ameona, hakujibu. Spéciose ameona, akaweka simu chini, akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Nitawaeleza ukweli. Jambo kama hili linahitaji maneno yaliyopangwa. Nimeanza kuandika, niko ukurasa wa pili, bado sijafika uwanja wa ndege.

Jumatatu, 23 Agosti

Kuanzia leo mtaa wetu hauruhusiwi kutoka saa tatu usiku. Sisi hatutoki hata saa tatu asubuhi. Majirani wanatuletea chakula mlangoni. Leo zamu ya Mwiti.

Ingekuwa nyumbani, wiki hii sebule ingejaa watu, na Spéciose angekuwa jikoni na sufuria tatu motoni, wanawake wamemzunguka. Hapa hakuna mtu wa kupikiwa. Mikono yake haijui ikae wapi. Ameshakunja nguo zote, hata zangu za kufanyia kazi. Baada ya chakula akaketi mezani mbele ya roli zangu, akaanza kuzifungua moja moja, anazifuta kwa kitambaa, anazipanga, anazifunga upya. Nikamwacha. Macho yake yalikuwa dirishani, vidole vinafanya kazi peke yake.

Mara vidole vikasimama. Akaisukuma moja mpaka upande wangu wa meza.

"Hii haina pembe."

Maneno ya kwanza tangu Ijumaa! Nikaishika. Duara! 1966! Nikaruka, nikagonga goti, nikapiga kelele mpaka Mwiti akagonga dari lake kwa ufagio. Nilijua! Nilisema tangu mwanzo! Nilipogeuka kumkumbatia alikuwa ameshaingia chumbani, mlango umefungwa.

Nimepiga picha. Nimeituma kundini: MÉTHODE APATA FEDHA HALISI, HONGERA KWA WOTE. Vidole gumba kumi na moja! Mwiti ameandika, "Uncle wewe ni noma." Hatimaye. Yale maneno kuhusu Spéciose yamepanda juu kabisa, hayaonekani tena bila kutafuta. Naona suala hilo limejimaliza.

Mwiti aliomba orodha ya kesho. Nimempa: mchele, vitunguu, mafuta, sabuni, roli ishirini za senti hamsini, majani ya chai. Benki nimempa ni ileile. Amwambie Cheryl ametumwa na mwenye mashine.

Na moja niliandike hapa tu, maana daftari hili hasomi mtu. Karatasi ya roli iliyokuwa na ile ya duara ninayo mkononi. Jumatano niliandika juu yake kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wangu mwenyewe: IMEKAGULIWA MARA MBILI. M.