Upinde Ukiingia Kifukoni

Jumanne, 7 Mei
Nimejiponza. Baba wa mchumba wangu, mwalimu wa fidla aliyestaafu, aliniuliza mezani kama napenda muziki wa nyuzi. Nikasema nimelelewa nao. Nimelelewa jirani na karakana ya mabati. Ijumaa ananipeleka kusikiliza okestra, na mchumba ananong'ona kwamba hapo ndipo mzee atakapoamua kuhusu posa yangu. Kanisihi niseme ukweli mapema. Ukweli! Mwanamke mzuri, ila hana mbinu.

Jumatano, 8 Mei
Nimeujua mtego. Muziki huu husimama katikati, na ukipiga makofi hapo umeumbuka. Unangoja mpaka mwisho kabisa. Mwisho nitaujuaje? Nimemwendea binamu yangu, anayepiga besi katika okestra hiyohiyo, lile fidla refu kuliko yeye. Anasema nimtazame: akitia upinde, ule ufito wa kukwaruzia nyuzi, kwenye kifuko kilichoning'inia chini ya besi, kipande kimekwisha. Alianza kuniambia jambo kuhusu kipande cha mwisho. Sikungoja. Nimeshaelewa.

Ijumaa, 10 Mei, baada ya onyesho
Sijui nicheke au nilie. Wapigaji walipokaa tu wakaanza kukwaruza nyuzi, kila mtu na lake. Nikafumba macho, nikatikisa kichwa kwa hisia. Mzee akaninong'oneza kwamba wanarekebisha nyuzi tu.

Kikaja kipande cha Kibaroki, cha Ulaya ya kale, fidla zinafukuzana. Pakawa kimya. Bwana mmoja akapiga makofi, ukumbi mzima ukamgeukia. Mimi macho kwa binamu. Mzee akanigusa goti, ameridhika. Upinde kifukoni, makofi. Kikafuata cha Kiromantiki, kizito, cha huzuni. Mzee akafuta machozi, nami nikafuta macho makavu. Upinde, makofi. Nikajiona nimeshaoa.

Halafu cha kisasa. Mtunzi wake yupo hai, kakaa safu ya mbele. Wapigaji wakagonga mbao za fidla kwa vidole. Wakapumua kwa pamoja. Nikadhani wamechoka. Kimya. Binamu akatia upinde kifukoni.

Nikasimama. Nikapiga makofi, nikaongeza na mluzi. Ukumbi wote ukanifuata, maana nadhani hakuna aliyekuwa akielewa chochote. Binamu peke yake kaduwaa, vidole kwenye nyuzi, kumbe sehemu iliyobaki hupigwa kwa vidole. Kiongozi wa okestra akatazama karatasi zake, akatutazama sisi, akainama kushukuru. Mtunzi kashika kichwa. Nusu ya kazi yake haikusikika.

Jumamosi, 11 Mei
Siamini. Mzee anasema maisha yake yote alitamani kukatiza kipande cha namna ile, hakuthubutu. Anasema mimi nina sikio na nina ujasiri. Posa ameikubali kwa mdomo.

Mchumba kanivuta jikoni. Anasema baba yake leo ana furaha, nikimwambia ukweli sasa atacheka na yataisha. Nikakubali. Nikaingia sebuleni kuungama. Kabla sijafungua mdomo, mzee akasema amefuta vumbi fidla yake ya zamani, na siku wajomba wa mchumba watakapokuja nitawapigia wimbo mmoja, kisha posa ipokelewe rasmi. Nikajibu kwamba nitapiga, tena kwa furaha kabisa.

Mchumba hasemi nami. Binamu amekubali kupiga akiwa amejificha nyuma ya pazia. Hajui fidla ndogo, anajua besi tu. Sioni tatizo. Mchana kutwa nimekuwa nikipima madirisha ya sebule ya mzee, nikimwambia nataka kumzawadia pazia pana.