Malalamiko Juu ya Fundo la Mzeituni na Msumari Uliopinda

Karakana ya Elkayam,
Talpioti, Yerusalemu.
Jumatano, baada ya chakula cha mchana.

Ndugu Mhariri wa Jarida la Mifupa na Mawe,

Salaam nyingi. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kama mgongo unakusumbua basi tu ndugu. Mimi ni Ovadia Elkayam, seremala, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Huenda jina langu hulijui, lakini mwili wangu unaujua vizuri. Ndimi yule mzee wa soksi za kijivu aliyefungwa kamba msalabani katika picha ya tatu, ya saba na ya kumi na moja za toleo lako la Aprili. Chini ya picha mmeandika "mtu wa kujitolea". Ndugu Mhariri, mimi sikujitolea. Niliambiwa, "Baba, panda hapo kidogo tu," na hicho kidogo sasa kina miaka minne.

Naandika kwa adabu zote kulalamikia sentensi moja katika makala ya binti yangu, Dakta Noga Elkayam, inayongoja kuchapwa katika toleo lako lijalo. Makala yenyewe inahusu kisigino cha Yehohanani, kijana wa mji huu aliyesulubiwa na Warumi yapata miaka elfu mbili iliyopita. Mifupa yake ilipatikana mwaka 1968 ndani ya sanduku la mawe, na kisigino kimoja bado kina msumari. Ncha ya msumari huo imepinda. Wataalamu wanadhani uligonga fundo la mti, pale tawi lilipoota zamani, ukakunjika humo humo usitoke tena. Misumari mingine yote ya misalaba iling'olewa ikaenda zake. Huu ulikataa, ndiyo maana tunao. Hapo Noga ameandika: "Aliyeupigilia hakujua mbao. Alipiga kwanza, akaangalia baadaye."

Sentensi hiyo naijua. Ilizaliwa jikoni kwangu. Marehemu mke wangu, Mazali, aliitamka mara ya kwanza siku nilipomtundikia rafu juu ya jiko, rafu ambayo mpaka leo imelala upande, na mtungi wa dengu ukiuweka kulia asubuhi, jioni unaukuta kushoto. Kila mgeni aliyeingia alielezwa: "Ovadia wangu hupiga kwanza, huangalia baadaye." Wageni walicheka, na mimi nikicheka nao, kwa sababu rafu ilikuwa inaonekana. Sasa wasomaji wako wakisoma habari za askari wa Kirumi, mimi najiona mwenyewe na nyundo yangu.

Nilimwomba Noga aifute. Akasema, "Baba, sifuti. Huyo ni mtu wa miaka elfu mbili, si wewe." Nikamwambia kama haifutwi, mimi kwenye mhadhara wake wa Jumanne ijayo sikanyagi. Akajibu, "Basi usikanyage." Sisi Elkayam hatuna haja ya maadui, tunajitosheleza wenyewe. Ijumaa tatu sasa haji kula. Kila Ijumaa napika supu ya kubbe kama alivyonifundisha mama yake, matonge kumi ya unga yaliyojazwa nyama, ya kutosha watu wawili, nayala yote kumi peke yangu kwa hasira, halafu Jumamosi nalala chali. Kwa hiyo jambo hili si dogo. Nayapanga malalamiko kwa namba, maana nimeambiwa wasomi hawasikii kitu kisicho na namba.

1. Kuhusu vipimo. Hapo mwanzo ilisemwa msumari ule una urefu wa sentimita kumi na saba na ushei, na kwamba ulipita visigino vyote viwili kwa pamoja. Baadaye wengine wakaupima upya wakakuta kumi na moja na nusu, na kisigino kilichomo ni kimoja tu. Chuma hakisinyai, Ndugu Mhariri. Hata hivyo simlaumu mtu. Mifupa ilitakiwa irudishwe upesi kuzikwa, ndiyo desturi yetu, na mtu mwenye haraka hupima kama ninavyopima mimi.

2. Kuhusu misalaba. Noga, kwa kuwa ni mtu wa haki, anataka kila rai ya wasomi ijaribiwe kwa mbao. Kuna wanaosema miguu ililetwa pamoja, magoti yakakunjwa upande. Kuna wanaosema mti ulipita katikati na kila kisigino kilipigiliwa ubavuni peke yake. Kuna wanaosema mti ulikuwa mrefu, na wanaosema ulikuwa mfupi hata mbwa waliwafikia. Kila wakibishana, mimi nachonga. Karakanani mwangu sasa ipo misalaba tisa. Mmoja umebeba baiskeli, miwili inaanika nguo zangu, na mpangaji wa juu ameshauliza kama natarajia watu wengi.

3. Kuhusu kimo. Wataalamu wanakadiria Yehohanani alikuwa na urefu wa sentimita mia na sitini na saba. Na mimi ni mia na sitini na saba. Siku Noga alipogundua hilo aliruka kwa furaha, na sijapata kumwona akiruka hivyo kwa zawadi yoyote niliyompa. Tangu hapo nimefungwa, nimefunguliwa, nimepimwa magoti na kuambiwa nipumue polepole. Mwaka jana nikiwa juu, nimevaa kofia na soksi zangu, natafuna bureka, andazi la jibini, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa haujafungwa, alipita mlangoni mama mmoja mhujaji aliyepotea njia. Aliponiona alipiga magoti akalia. Nikamwambia, "Mama, inuka, hapo chini pana misumari." Hakuinuka mpaka Noga alipomletea maji. Sijui huko kwao amesimulia nini.

4. Kuhusu kiti. Wapo wanaoshikilia kwamba msalaba ulikuwa na kibao kidogo cha kukalia, na wapo wanaokana. Mimi niko upande wa wenye kibao, kwa sababu za kitaalamu na za kiuno.

5. Kuhusu mikono, kama ilifungwa kamba au ilipigiliwa, sina malalamiko, isipokuwa kamba zinawasha.

6. Sasa nakuja kwenye kiini. Katika miaka yote ya mabishano hayo mmeuliza madaktari wa mifupa, wanahistoria, wajuzi wa maandishi, na mtu mmoja wa vyuma. Seremala hamkumuuliza. Mimi niliyeko juu ya msalaba sikuulizwa lolote ila kama nasikia ganzi. Ningeulizwa ningewaambia yafuatayo.

Chini ya kichwa cha msumari wa Yehohanani palikuwa na kibao kidogo cha mbao, ili mguu usichomoke. Wengine walikitaja kuwa cha mti mwingine, baadaye ikasemwa ni mzeituni. Haya. Kile kibao kilikatwa na nani? Hapa naacha mzaha kidogo. Askari hakutoka Roma na vibao mfukoni. Kilikatwa hapa hapa, na mtu mwenye msumeno, pengine mtu wa mtaa mmoja na Yehohanani, aliyeletewa kazi asiyoweza kuikataa. Nikikifikiria kibao hicho nashindwa kula. Nimekata vibao kama hicho tisa kwa mikono yangu, kwa ajili ya elimu, na kila kimoja nilikipiga msasa kingo zisimchome mtu. Baada ya hapo nikajiuliza namhurumia nani.

Sasa, mtu aliyekata kibao kile alikuwa fundi, na mwenye msumeno hupewa na nyundo apigilie. Na fundi wa mji huu anaujua mzeituni. Mwuza mbao wangu, Butros wa Beit Sahuri, ambaye ukoo wao umechonga mzeituni tangu babu wa babu, nilimuuliza kama seremala anaweza kupiga msumari kwenye fundo la mzeituni bila kujua. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. "Fundi," akasema, "mzeituni una mafundo kuliko ukoo wangu ulivyo na magomvi. Asiyeyaona hayo ni kipofu, au anafanya makusudi."

Umesikia, Ndugu Mhariri. Makusudi.

7. Kwa hiyo natamka, na naomba itamkwe pamoja nami: fundi yule alipiga fundo kwa makusudi. Alijua misumari ya waliosulubiwa hung'olewa, mingine itumike tena, mingine watu waivae kama hirizi. Alijua maelfu watashushwa na hapatabaki alama, na siku moja watu wenye miwani watakaa mezani waseme, "Ushahidi uko wapi?" Akachagua mahali penye fundo, akapiga, msumari ukapinda, akaondoka akipiga mluzi. Ile ilikuwa sahihi yake. Kwa maana hiyo, mwanzilishi wa taaluma yenu ni seremala. Idara nzima ya binti yangu inakula jasho la seremala, na jarida lako pia, na mhadhara wa Jumanne, na vile visambusa vitakavyoliwa baada ya mhadhara.

8. Kwa hoja hizi naomba, bila ya kushurutisha: (a) sentensi ya Noga ifutwe, na mahali pake iandikwe, "Aliangalia kwanza, akapiga baadaye, kwa hekima kubwa", (b) makala yoyote ya misalaba isichapwe kabla ya kupitiwa na seremala mwenye uzoefu, nami nina nafasi Jumapili hadi Alhamisi, (c) chini ya picha zangu tatu yafutwe maneno "mtu wa kujitolea" na iandikwe "mtaalamu", na (d) Dakta Noga Elkayam ajulishwe kwa barua rasmi yenye mhuri kwamba baba yake hakuwahi kupiga kwanza. Ya mwisho ikishindikana, nitaridhika na mhuri peke yake.

Nisalimie wote hapo ofisini, na yule mpigapicha aliyekuwa akinihimiza nionyeshe uchungu zaidi. Mwambie ulikuwa wa kweli, ni goti la kushoto. Wasalimie pia wapinzani wa kibao cha kukalia, na uwaambie karakana yangu iko wazi, waje wapande wenyewe.

Ni mimi niliye chini ya nyundo yangu mwenyewe,

Ovadia Elkayam
Seremala, na mfano hai wa sentimita mia na sitini na saba

Nyongeza ya Alhamisi asubuhi, kabla sijaenda posta:

Ndugu Mhariri, jana alasiri nilitaka kuithibitisha hoja yangu ya saba. Nikachukua gogo la Butros lenye mafundo, nikajaribu kupiga msumari kwenye fundo kwa makusudi ili upinde. Nilipiga misumari kumi na miwili. Yote kumi na miwili iliingia imenyooka na kutoka bila ubishi. Tangu nizaliwe sijapiga misumari vizuri namna hiyo, na hapakuwa na shahidi hata mmoja.

Nikapandwa na hasira. Nikaenda jikoni nikasema, leo hii rafu ya Mazali lazima inyooke. Nikashika kiegemeo cha rafu, nikakibana kwenye mwimo wa mlango ulio ubavuni mwa jiko, nikapiga. Mwimo ule ni wa mzeituni. Msumari mmoja tu, fundo, ukapinda humo ndani. Ndipo nikavaa miwani. Mwimo huo ndipo Mazali alipokuwa akiandika kwa penseli kimo cha Noga kila siku yake ya kuzaliwa, na msumari wangu umekaa kati ya miaka sita na miaka saba.

Nikaleta nyundo ya kung'olea nikavuta. Mbao ikalia, na ufa ukaanza kuelekea kwenye mwandiko wa Mazali. Nikavuta tena kidogo, ufa ukasogea. Nikaweka nyundo chini nikakaa sakafuni, mtu mzima, nikalia. Hapo hapo nikawakumbuka watu wake Yehohanani, sijui mama yake, sijui ndugu yake, waliomshusha na kumwosha. Nao walikuwa na msumari ule mikononi. Kwa nguvu ungetoka, na kisigino kingevunjika. Siku zote nimewaza juu ya aliyepiga, na hao sikuwawaza hata mara moja.

Nilimpigia Noga simu nikamweleza yote, pamoja na ile misumari kumi na miwili. Akauliza ufa umefika wapi, nikamwambia. Halafu akasema, "Baba, usiuguse. Nakuja Ijumaa, na supu usitie pilipili kama unaua panya." Jumanne nitakuwa mstari wa mbele, nimevaa soksi mpya.

Basi naomba hoja zangu zote uzifute. Aliyepiga alikuwa fundi mbovu, namfahamu kwa karibu, na sentensi ya binti yangu ibaki kama ilivyo. Ila mkipata nafasi, ongezeni tanbihi ndogo chini yake, hata bila jina langu: kwamba baadaye alikuja mtu mwingine akavuta, akaona anaumiza, akaacha.