Wakili wa Ndege Isiyoruka

Ulikuwepo. Usijitie kutazama kwengine, ulikuwepo. Siku ile watu walipojazana mbele ya ofisi ya Zumari Air pale Mlandege, wameshika tiketi kwa uangalifu kama walioshika mayai, wewe ulipita upande wa pili wa barabara, ukainamia simu, ukajifanya unasoma jambo kubwa. Mara ya kabla ya hiyo ulipita vivyo hivyo. Na zamani zile, ofisi ilipokuwa na jina jengine na bango la kijani badala ya la buluu, meneja yule yule, feni ile ile mbovu, ulipita pia. Wanaopaka rangi mabango wanategemea usahaulifu wako. Wengine hatusahau.

Haya. Kwa kuwa hukusimama, sikiliza ulichokikosa.

Ndege ya Pemba ilifutwa. Haikuchelewa; ilifutwa, abiria washapimiwa mizigo na washavua mikanda. Boti ya siku ile ilikuwa ishang'oa nanga. Wenye kwao mjini wakarudi kwao. Wasio na kwao wakalipa teksi, wakalala gesti, wakala chakula cha kununua, na asubuhi wakalipa nauli ya boti. Kwenye tiketi, chini kabisa, kwa herufi za kimo cha chawa, kampuni yenyewe imeandika kwamba ikifuta safari itarudisha gharama hizo zote. Na meneja, Bwana Tahir, hakuwahi kukataa hata siku moja. Hilo ndilo lililokuwa balaa: alikuwa anakubali.

"Haki yenu kabisa," husema, mkono kifuani. "Ila mfumo uko chini. Njooni Jumatatu."

Jumatatu mfumo ulikuwa chini zaidi.

Sasa, kwenye baraza ya duka la mkabala alikaa Mbarouk, anakunywa kahawa ya mkopo. Mbarouk hakuwa na kazi, lakini alikuwa na koti. Alikuwa pia na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, alichokipata kwenye semina ya kupambana na mbu, ambako aliingia kwa ajili ya chakula cha mchana na akatoka na cheo. Akautazama ule umati. Wewe uliona watu wenye shida ukaharakisha mwendo. Mbarouk aliona watu wenye risiti. Akavaa koti.

"Assalaam alaykum, ndugu abiria!" Akapanda kizingiti cha duka ili awe juu kidogo. "Nani kakwambieni mdai kwa kelele? Madai haya yana njia yake. Mie ni wakili wa abiria wa ndege zisizoruka."

"Wakili wa mahkama gani?" akauliza mwanamke mmoja.

"Mahkama ya anga, mama."

Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu. Hakuna aliyewahi kuisikia, na kila mmoja aliona haya kuwa wa kwanza kusema.

Mbarouk akakusanya risiti, na pamoja na kila fungu la risiti akachukua ada ya kufungulia jalada. Jalada lenyewe lilikuwa mfuko wa plastiki wa duka la sabuni. Mzee Makungu, muuza khanga tajiri wa Mlandege, akamvuta pembeni.

"Wakili, mie siku ile nlilala kwangu Bububu. Lakini niliudhika sana. Hakuna risiti ya kuudhika?"

"Ipo ya hoteli, mzee wangu. Chumba kinachotazama bahari. Kuudhika kumo ndani, pamoja na chai ya asubuhi."

"Na mke wangu aliniona nyumbani."

"Basi na yeye tumwandikie chumba."

Mzee Makungu akacheka mpaka meno ya bandia yakamtoka kidogo, akatoa ada mara mbili.

Aliyebaki ni yule mwanamke wa swali la mahkama. Ni Bi Mwatima wa Paje, mkulima wa mwani, viganja vyake vimekatikakatika kwa kamba na chumvi. Yeye alikuwa anapeleka sanduku la bibi harusi Pemba, mtoto wa ndugu yake, na sanduku la bibi harusi halingojei Jumatatu. Pesa zake mwenyewe ziliishia kwenye tiketi. Ya teksi, ya gesti, ya boti na ya uchukuzi wa sanduku, aliitoa kwenye fungu la mchezo wa wanawake wenzake, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, ambalo yeye ndiye mwekaji wake. Alikusudia kulirudisha siku ya pili. Zamu inayokuja ya mchezo ilikuwa ya Saadiya, Ijumaa baada ya sala, na Saadiya keshaagiza mabati.

"Mie ada sina, baba," akasema. "Nna risiti za kweli na amana ya watu. Ijumaa isinikute mikono mitupu. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniita mwizi."

"Usijali, Bi Mwatima. Kwako wewe ni thawabu tu," akasema Mbarouk kwa sauti, maana watu walikuwa wanasikiliza.

Kisha akabadilisha laini ya simu.

Lakini mji huu si mkubwa, na baraza ni ile ile. Wiki ya zamu ya Saadiya ilipoingia, Bi Mwatima akamtokea, wanawake wa Paje wamemsindikiza.

"Shikamoo, Bi Mwatima!"

"Marahaba. Pesa yetu?"

"Ishapanda, mama. Iko juu. Inatafuta pa kushukia."

"Sawa. Isiposhuka, Alhamisi baada ya isha sie tunasoma Halbadiri. Mwalim Machano anakuja kutoka Pemba kutuongozea. Ubani nshanunua. Hatutaji jina la mtu. Tunasoma kwa kila aliyekula."

Wakageuka wakenda zao kupanda gari.

Hapa kwetu kuna watu hawaogopi polisi, hawaogopi mkaguzi, gazeti hufungia maandazi. Lakini waambie wamesomewa Halbadiri, kile kisomo cha mtu aliyedhulumiwa anapomwachia Mungu kesi yake, utawaona wanajishika matumbo. Nimewaona wezi waliorudisha baiskeli, na pampu juu yake, kwa kusikia tu kuwa ubani umenunuliwa. Mbarouk naye aliogopa. Aliogopa kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa. Kwenye cha pili akaiona fursa, akavuka barabara.

"Bwana Tahir," akasema, akifunga mlango wa ofisi nyuma yake, "umesikia habari za Paje?"

"Mfumo uko chini," akajibu Tahir, hata hakuinua kichwa.

"Hawadai kwa mfumo. Wanasoma Halbadiri Alhamisi."

Kalamu ikamponyoka Bwana Tahir.

"Wananisomea mie? Mie nimekula nini? Mie mtumishi tu!"

"Basi huna wasiwasi. Wamesema kila aliyekula. Kama pesa hazijafika kutoka makao makuu, hujala, kalale."

Feni ikalia. Bwana Tahir akaufuta uso kwa tiketi ya mtu.

"Na kama, tuseme, zimefika? Zamani kidogo? Na ziko mahali salama?"

Sasa umejua mfumo ulikuwa chini ya nini. Ulikuwa chini ya kitanda cha Bwana Tahir.

"Yakhe, hilo baya," akasema Mbarouk kwa huzuni ya daktari. "Kisomo hakina orodha, wala hakifutwi kwa simu. Kinamfuata anayezishika. Wallahi, kinamfuata anayezishika, hata azipeleke wapi. Nlikuwa na jirani, kala shamba la yatima. Tumbo likavimba, wakawa wanamvisha kanzu watu wanne."

"Nifanyeje?"

"Zitoke mikononi mwako kabla ya Alhamisi. Zote, pamoja na ya usumbufu. Nami, kwa kuwa nnakupenda, nitawafikishia wenyewe."

Jumatano Bwana Tahir akampa begi, akalisukuma kwa mguu asije akaligusa tena, akashusha pumzi ya mtu aliyetua gunia la karafuu. Mbarouk akalibeba mpaka chumbani kwake, akabusu zipu. Hakuwa na nia ya kumfikishia mtu hata nauli. Ijumaa asubuhi kuna boti ya Dar, na Dar ni kubwa, ina mabaraza asikodaiwa kahawa.

Alhamisi jioni akajikaribisha mwenyewe karamu ya kujiaga. Alianza na urojo wa kachori na kila kilichomo, akala pweza wa kuchoma Forodhani, akashushia juisi ya miwa, akaona si vibaya kuongeza embe mbichi za pilipili, na kwa heshima ya bahari atakayoivuka akamaliza kwa bakuli la maziwa ya baridi. Akafikiri jinsi wanavyosoma huko Paje, akacheka peke yake.

Ijumaa asubuhi, kwenye foleni ya boti pale bandarini Malindi, tumbo likasema naye.

Kwanza lilinong'ona. Kisha likanguruma hadi mama aliyekuwa mbele yake akageuka na kusema, "Mwanangu, hiyo simu yako ipokee." Mbarouk akashika tumbo kwa mkono mmoja na begi kwa mkono mwengine, na hapo ndipo maneno yake mwenyewe yalipomrudia, matamu kama alivyoyatoa: kinamfuata anayezishika. Akalitazama begi. Akatazama tumbo. Akaona, au alidhani ameona, kwamba koti halifungiki.

"Teksi!" akapiga kelele. "Paje! Haraka, nnavimba!"

Njia ya Paje ni nzuri, lakini haikutengenezwa kwa hali aliyokuwa nayo. Pale msituni Jozani alimsimamisha dereva akaingia vichakani mbio na begi lake, maana hata hapo hakumwamini dereva. Kima punju wakashuka kwenye matawi kumtazama, wakashauriana, wakasogea mbali.

Paje wanawake walikuwa wanatandaza mwani ukauke. Bi Mwatima tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni. Kila mara alitazama jua, linavyopanda kuelekea saa ya sala, na Saadiya, mwenye mabati yake, alikuwa anajitahidi kutomtazama yeye. Mara wakaona mtu mwenye koti anakuja mbio kwenye mchanga, kajipinda, begi kichwani.

"Nitengueni!" Mbarouk akapiga magoti. "Bi Mwatima, shikamoo, nitengueni! Hizi hapa pesa zenu zote! Hizi hapa ada nlizochukua! Saa hii ya mkononi, nayo nilimdhulumu mtu! Koti nalo!"

"Koti la nani?"

"La hoteli moja. Lichukueni, linanibana!"

Bi Mwatima alifungua begi, akatazama ndani kwa muda. Akainua ncha ya khanga, akajifuta macho haraka kabla hajaonekana. Kisha akatoa gharama zake hapo hapo, akazifunga kwenye fundo la mchezo, na fundo akalitia mkononi mwa Saadiya.

"Zamu yako, mwanangu. Imetimia."

"Kwani kuna aliyesema haitotimia?" akasema Saadiya, na macho yake nayo hayakuwa makavu.

"Na mie?" akalia Mbarouk. "Kisomo cha jana mtakitengua lini?"

"Kisomo gani?"

Simu ya Bi Mwatima ikaita. Mikono yake ilikuwa na chumvi, akaibonyeza ikasikika kwa wote.

"Bi Mwatima, mniwie radhi," ikasema sauti ya mtu aliyechoka. "Mie Machano. Niko Pemba bado. Jana tumekaa uwanjani tangu adhuhuri, magharibi tukaambiwa ndege ya Zumari imefutwa. Nimelala gesti. Nnatafuta boti."

Wanawake wakaacha kutandaza mwani. Hata wale wageni wanaorushwa na matiara ya upepo baharini, ni kama walining'inia hewani kusikiliza.

"Kwa hivyo," Mbarouk akasema pole pole, "jana hamkusoma."

"Tungesomaje, Mwalim hajafika? Tuliahirisha."

"Basi hili tumbo langu..."

Bi Mwatima akainama kidogo, akanusa. "Urojo, mwanangu. Na pweza. Na... umekunywa maziwa juu yake? Mtu mzima na akili zako?"

Mkono wa Mbarouk ukaanza kutambaa mchangani kuelekea begi. Haukufika. Saadiya, mwanamke mzito wa mwili na wa neno, alikuwa keshalikalia.

"Mwalim anakuja kwa boti," akasema Saadiya. "Na ubani upo. Unasemaje?"

Mbarouk akaurudisha mkono, akaulaza kifuani kwa unyenyekevu, kama alivyomuona Bwana Tahir akifanya.

"Nasema nipewe maji ya ndimu."

Akapewa. Kisha akabebeshwa mwani mpaka jua likapoa, pesa za wenyewe zikagawiwa mjini mbele ya wenyewe. Ilipofika zamu ya Mzee Makungu, Bi Mwatima alimuomba tu aseme kwa sauti alilala wapi. Mzee akautazama ubani uliokuwa umewekwa mezani, akatazama tumbo lake. "Kwangu Bububu," akasema. "Hata chandarua ni changu." Akaondoka mikono mitupu, na watu wakamshangilia kuliko bibi harusi.

Sasa Mwalim Machano kafika, kwa nauli yake ya boti na gharama yake ya gesti, na yuko Mlandege mbele ya ile ofisi hivi tunavyozungumza. Bi Mwatima kamsindikiza. Mbarouk kasimama kando, hana koti, kabebeshwa mfuko wa risiti bila ada. Bwana Tahir kaweka mkono kifuani. Feni inalia. Na fundi wa mabango, nimemuona kwa macho yangu, kaegemeza ngazi ukutani na anachanganya rangi nyekundu.

Kwa hivyo weka simu chini. Ile tiketi yako ya safari isiyokwenda iko kwenye droo, chini ya picha za harusi. Wala usiniambie huna. Itoe na risiti zake. Usingojee Jumatatu, usingojee Mbarouk mwengine avae koti kwa niaba yako. Rangi haijapakwa bado. Vuka barabara. Sasa hivi, vuka!