Mgombea Binafsi Mwenye Kadi ya Chama

Alhamisi, 14 Agosti

Leo nimeamua rasmi. Nagombea ubunge. Mgombea binafsi: bila chama, bila bosi, bila wimbo wa kuimbiwa.

Tatizo moja tu. Sheria ya nchi hairuhusu. Mgombea lazima apendekezwe na chama cha siasa. Ninalijua hilo kuliko mtu yeyote hapa Gungu, maana nimefundisha Uraia sekondari mpaka nikastaafu. Nililiandika ubaoni kwa mkono wangu, nikalipigia mstari. Miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Inaudhi.

Nimemweleza mke wangu, Eufrasia. Nilianzia mfumo wa chama kimoja, taratibu, ili asipotee. Yeye alikuwa akichambua dagaa. Walipokwisha aliuliza swali moja tu: na uenyekiti wa kikundi je?

Hapo nilikwama kidogo. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, na katiba ya kikundi niliitunga mwenyewe. Ibara ya saba inasema kiongozi akijiunga na chama cha siasa, kiti chake kiko wazi siku hiyo hiyo. Niliiweka ili kumzuia Castory, makamu wangu, ambaye wakati ule alikuwa na kadi. Castory akairudisha kadi yake kesho yake, akaja kikaoni akitabasamu. Mtu wa ajabu.

Watu wasiojua hudhani uenyekiti wa mazishi ni jambo dogo. Kwenye msiba mimi hukalia kiti chenye mikono. Sahani ya kwanza ni yangu. Na kubwa kuliko yote, kule makaburini, padri au shehe akishamaliza, mwenyekiti ndiye anayesema neno la mwisho. Udongo haurudishwi mpaka yeye ashike koleo. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayeondoka. Ndiyo desturi yetu. Mbunge gani ana wasikilizaji wa namna hiyo?

Kwa hiyo nataka vyote viwili. Njia lazima ipo.

Jumamosi, 16 Agosti

Njia ipo! Kuna chama kinaitwa Chama cha Mshikamano wa Maarifa. Mkoa mzima kina watu wawili. Wa kwanza ni Samson, katibu wa mkoa, anayetengeneza simu kwenye kibanda pale Mwanga. Wa pili ni shemeji yake, mweka hazina, aliyevuka ziwa kwenda Uvira kufuata vitenge na hajaonekana tena.

Sasa tufikiri pamoja. Chama kisicho na watu hakiwezi kumwamuru mtu. Asiyeamriwa yuko huru. Basi mimi ni mgombea binafsi, ila nina kadi. Nilimfafanulia Samson hoja hii kwa utulivu. Akasema, "Sawa Mzee, ila sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Kadi nimeipata. Nimeificha ndani ya soksi. Kikundi hakitajua mpaka nitakapokuwa nimeteuliwa, na wakati huo nani atathubutu kumvua kiti mgombea ubunge?

Jioni tulikuwa na kikao. Castory alikuwa stesheni masta wa reli na mpaka leo anavaa saa ya kazini. Kila ninapofika kwenye kiini cha jambo, anainua mkono na kusema, "Mwenyekiti, muda." Kama vile mimi ni treni ya abiria.

Jumatano, 20 Agosti

Nahitaji wadhamini, wapiga kura wa kunisainia fomu. Hapa Gungu siwezi kuwatafuta, siri ya kadi itavuja. Nimepanda gari asubuhi kwenda Mwandiga, ambako nina marafiki wa utotoni.

Nieleze jambo hapa. Sisi Waha hatumtajii mtu shida yetu kabla ya kumaliza salamu. Unasema mwakeye, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za waliolala, za walioamka, za watoto, za shamba, za ng'ombe. Mwenzako anajibu, kisha anakuuliza wewe. Mtu mwenye haraka anaonekana hana malezi.

Jua la utosi lilinikuta bado niko kwenye nyumba ya kwanza. Kosa lao. Waliponiuliza habari za mbuzi wangu, niliona si vizuri kujibu kwa mkato, nikaeleza ule ugonjwa wa kwato tangu ulipoanza. Mama mwenye nyumba akainuka, akasema anakwenda kuangalia chungu. Hakurudi.

Aliyeniokoa ni Oswald, niliyesoma naye darasa la kwanza. Aliita watu uani kwake akawaambia, "Msainieni Mwalimu aondoke, giza linaingia."

Wakasaini wote. Huo ndio mvuto.

Ijumaa, 22 Agosti

Sina hamu ya kuandika, lakini nitaandika.

Nimepeleka fomu zikaguliwe ofisi ya uchaguzi. Mapokezi nilimkuta Happiness, niliyemfundisha. Ameniamkia shikamoo vizuri kabisa, akapitia majina yote. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, hawa ni wa Mwandiga. Lile ni jimbo jingine."

Mipaka ya majimbo! Kidato cha tatu! Akaongeza kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha. Nilimpongeza kwa kumbukumbu yake. Sikujisikia kumpongeza.

Samson amesema nisihangaike. Jioni ameniletea wadhamini wote wanaotakiwa, wakazi halali wa jimbo letu, sahihi safi. Nimesikia kwamba leo pale kibandani hakuna mteja aliyerudishiwa simu yake kabla ya kusaini. Sikumuuliza. Kuna mambo machache ambayo hata mimi huyaacha bila ufafanuzi.

Jumatatu, 25 Agosti

Bi Rozalia amefariki, Mungu amrehemu. Yule muuza mawese wa karibu na soko, mwanachama wetu wa tangu siku ya kwanza. Nimesikitika kwelikweli. Alikuwa mtu pekee aliyenisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa. Eufrasia ameniambia leo kwamba sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii, na upande huo ndiko nilikokuwa nakaa. Sioni kwa nini aliona lazima aniambie.

Mazishi ni Jumatano saa nane mchana. Na Jumatano ndiyo siku ya uteuzi! Fomu zirudishwe kabla ya saa kumi alasiri, baada ya hapo mlango unafungwa.

Nimekwenda msibani kuishauri familia izike kesho. Haiwezekani, wanamsubiri Elia, mwana wa marehemu, anatoka Mpanda. Nikashauri Alhamisi. Shangazi mmoja akaniuliza kama marehemu ndiye anayetakiwa kunisubiri mimi. Nikarudi kwenye kiti chenye mikono.

Eufrasia anasema nimwachie Castory neno la mwisho. Kwake ni jambo rahisi. Mtu akishalishika koleo lile mara moja mbele ya Gungu nzima, kulirudisha ni kazi. Nikikosa mazishi nimepoteza kiti. Nikikosa ofisi nimepoteza ubunge.

Mpango ni huu. Nitasema neno fupi. Jeremia wa bodaboda ataegesha nje ya makaburi, pikipiki ikitazama barabarani. Fomu mkobani, kadi kwenye soksi. Kutoka pale hadi ofisini ni mwendo mfupi. Nimefanya mazoezi ya neno fupi mbele ya Eufrasia. Alilala, lakini alikuwa amechoka tangu asubuhi.

Jumatano, 27 Agosti

Nitaandika yote kama yalivyotokea, ili siku moja haki ijulikane.

Katekista alimaliza mapema. Muda ulikuwa tele. Nikapewa kipaza sauti. Nilipoinua macho niliona watu mpaka kwenye ukuta wa makaburi, Waislamu kwa Wakristo, wenye suti na wenye kanga. Sijawahi kuona umati kama ule mbele yangu. Wote kimya. Wote wamesimama. Nani angeondoka?

Nikaanza vizuri. Nikasema Bi Rozalia aliuza mawese yake mwenyewe, hakuajiriwa na mtu. Sentensi mbili. Nilikuwa nakaribia kushika koleo. Ndipo nikaongeza, kwa sababu ni kweli, kwamba kwa maana hiyo marehemu alikuwa kama mgombea binafsi.

Nikamtazama Castory, nikitegemea aseme muda. Hakusema. Kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, mkono wake ulibaki mfukoni. Badala yake alinisogezea chupa ya maji, akasema mbele ya watu wote, "Mwenyekiti, wengine hapo hatujaelewa. Mtu anakuwaje mgombea binafsi na huku sheria inataka chama? Hebu tufafanulie."

Mtu mzima anauliza swali zuri, kwa adabu, mbele ya umma. Mwalimu gani angekataa?

Nikafafanua. Nikaanzia uhuru. Nikapita chama kimoja, nikaingia vyama vingi, nikarudi nyuma kidogo kwa ajili ya waliochelewa. Wachimbaji waliegemea makoleo yao. Elia, mwana wa marehemu, alikuwa akitazama chini, nikaona ameguswa. Castory akauliza tena, je, mtu akichukua kadi ya chama, uhuru wake unabaki wapi? Nikaona hapa panahitaji mfano wa kushikika. Nikainama, nikavua kiatu, nikatoa kadi kwenye soksi, nikaiinua juu wote waione.

Minong'ono ikapita kama upepo. Nilidhani wameelewa.

Nje Jeremia alikuwa akipiga honi, tena na tena. Nilidhani anashangilia.

Mwishowe Castory akatoa mkono mfukoni, akaitazama saa yake ya reli, akasema taratibu, "Muda, Mwenyekiti."

Saa kumi ilikuwa imeshapita.

Niliacha koleo, nikakimbia na kiatu kimoja. Mwenyekiti wa kwanza katika historia ya kikundi kuondoka kabla ya udongo. Jeremia alikimbiza pikipiki kama mwizi. Getini askari akasema wamefunga. Nikaanza kumweleza maana ya kufunga. Happiness alichungulia dirishani, akatikisa kichwa, akasema, "Pole, Mwalimu." Pole yake ilikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Niliporudi makaburini kufuata kiatu, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Koleo la kwanza alilishika Castory. Nimeambiwa hakusema neno lolote, alipiga tu ishara ya msalaba na kumwaga udongo. Nimeambiwa pia kwamba watu walilia. Kwa hotuba ambayo haikuwepo!

Jumamosi, 30 Agosti

Kikao cha dharura. Honorata, katibu wetu, amesoma ibara ya saba kwa sauti. Nimekiri kwamba imeandikwa vizuri.

Elia alikuwepo. Hakutaka niadhibiwe. Alisema anataka nimwombe radhi mama yake, basi. Nikasimama. Nikamwomba radhi kwa moyo wote, kisha nikaona ni haki ajue mazingira yaliyosababisha, nikaanzia pale Mwanga kwa Samson. Elia akainuka akatoka. Nilimwita amalizie kusikia. Akajibu akiwa mlangoni, "Mzee, mama amezikwa. Nakuomba niachie na mimi nikapumzike."

Nilikaa chini. Castory hakuitazama saa.

Wakapiga kura. Wote wameunga mkono kiti kiwe wazi. Mimi sikupiga, maana mtuhumiwa hapigi kura, ibara ya tisa, yangu pia. Mkono wa Eufrasia ulikuwa juu pamoja na mingine. Nilipomuuliza njiani, alisema anahitaji watu wa kumzika siku yake ikifika, na angependa wamalize kabla ya magharibi.

Castory ndiye mwenyekiti. Hotuba yake ya kushukuru ilikuwa neno asante. Hakuna maandalizi kabisa. Kisha akanifuata nje akanikabidhi kiatu changu, kimepigwa rangi.

Jumatatu, 1 Septemba

Asubuhi Samson amekuja kuchukua kadi. Kuna mtu wa Ujiji anaitaka, anajiandaa kwa uchaguzi ujao, na kadi ziliisha. Nimempa. Akaniambia nisife moyo, akaniuliza kama nina simu ya kutengeneza.

Baada ya kuondoka nilikaa barazani nikatafakari kwa utulivu. Sina chama. Sina kikundi, maana chini ya Castory sikai. Sina kiti. Hakuna mtu yeyote duniani anayeweza kuniamuru jambo, wala ninayeweza kumwamuru.

Ndipo nikaelewa! Mgombea binafsi halisi ndiye huyu! Wengine wote wanasubiri sheria ibadilishwe, mimi nimeshafika. Nitagombea tena miaka mitano ijayo. Safari hii sitafanya kosa lile lile. Kosa lilikuwa kukatizwa. Ningepewa nusu saa zaidi pale makaburini, umati ule ungenibeba mabegani mpaka ofisini na mlango ungefunguliwa.

Nimeanza leo. Nimemweleza Eufrasia mpango mzima, wenye hoja tatu. Akauliza: bila kikundi, wewe ukifa kesho nani atakuzika?

Swali zuri sana. Nikamwambia asubiri, nikaanza kumfafanulia tangu mwanzo. Nilipofika hoja ya pili alichukua kapu akaenda sokoni. Nikaendelea, maana hoja ya tatu ndiyo yenyewe.