Habari Njema kwa Gia ya Pili

Jumatatu, 4 Machi

Mchungaji ametupa kazi. Kila mmoja amweleze mtu mmoja habari za Yesu kabla ya Jumapili. Tusitumie maneno ya mimbarini, amesema, tuongee kama tunavyoongea na jirani.

Miaka kumi na moja nimeokoka, sijaleta hata mtu mmoja. Shemeji, kaka wa mke wangu, ameshaleta watatu. Na anauza magodoro tu. Mimi nafundisha udereva. Watu hukaa nami saa nzima wamefungwa mkanda. Wataenda wapi?

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza na fundi saa, somo lake la tatu. Tulipoingia kwenye mzunguko nikamuuliza, kwa upole kabisa, kama akifa leo anajua anakokwenda. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Lori la nyuma lilitukosa kwa upana wa kiganja. Nikamwambia sikumaanisha leo hasa. Hakutulia.

Jumatano, 6 Machi

Mkuu wa shule yetu ya udereva ameniita ofisini. Fundi saa amelalamika kwamba nilimtabiria kifo. Lalamiko jingine moja, narudisha funguo za gari.

Shemeji amepiga simu kunijulia hali. Akagusia kwamba wa nne yuko karibu. Nikasema Mungu ambariki. Sikumaanisha sana.

Mpango mpya: kifo nisikitaje. Nimeandika hoja saba kwenye karatasi, nimeichomeka kwenye kikinga jua cha upande wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo zamu ya muuguzi mstaafu, mama mtu mzima. Aliyekuwa akiendesha kwao ni mumewe, na sasa mumewe haoni. Mama anajifunza ili ampeleke kliniki. Gari likazima mara tano.

Nikashusha kikinga jua nianze hoja ya kwanza. Upepo ukachukua karatasi, ikatoka dirishani na hoja zote saba. Nikabaki mtupu.

Mama akaniuliza, "Mwalimu, wewe huogopi?"

Nikamjibu kwamba naogopa kila siku. Namwogopa mkuu wa shule. Namwogopa hata shemeji. Ila asubuhi, kabla ya mwanafunzi wa kwanza, nakaa kwenye kiti hiki namwambia Yesu ninachoogopa. Hajanicheka hata siku moja. Hofu haiishi yote, lakini sibaki nayo peke yangu.

Mama akauliza, "Unamwambia hivi hivi tu, kama tunavyoongea?"

Nikasema hivi hivi tu.

Akawasha gari. Halikuzima tena mpaka tuliporudi shuleni. Mimi nimefika nyumbani nimenuna. Saa nzima imepita na sijamshuhudia mtu.

Jumapili, 10 Machi

Muuguzi amekuja kanisani, amemshika mumewe mkono. Mzee akanitafuta kwa kupapasa mpaka akapata bega langu. Tangu Alhamisi, akasema, wanaongea na Yesu jikoni, wote wawili, kwa maneno yao wenyewe. Machozi yakanilengalenga.

Mchungaji akataka kujua nilimwambia nini yule mama. Nikasema ukweli: hakuna la maana, gari lilikuwa linazima tu. Akanitazama kwa muda mrefu. Shemeji akajifanya anatafuta ukurasa kwenye Biblia yake. Nimeona raha ambayo itabidi niitubu.

Baada ya chakula nimekaa nikatafakari, nikaipata siri. Ni gari kuzima. Mtu akizimiwa na gari mara tano, moyo wake unafunguka. Kesho nina mwanafunzi mpya, hajawahi kushika usukani. Nampeleka moja kwa moja kwenye ule mlima mkali nyuma ya kiwanda.