Kilo Moja na Robo ya Hekima

Kitabu cha mwisho ulichokisoma mpaka ukurasa wa mwisho ni kipi? Usiniangalie hivyo! Na usinitajie kile ulichokipanga sebuleni ili wageni wakione. Nimesema ulichokisoma. Ukakimaliza.

Umenyamaza? Basi endelea kunyamaza, nikusimulie habari za mjomba wangu, mtu pekee chini ya jua aliyeweza kutambua kitabu bora cha Kikristo bila kukifungua.

Mjomba ni muuza nyama. Ana kifua kama mlango wa ghala na sauti inayoweza kumwamsha ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa. Buchani kwake kuna mizani ya kuning'inia, ambayo anaiheshimu kuliko wakwe zake. Ukilalamika kwamba mifupa imezidi nyama, jibu ni moja: "Mizani haidanganyi!" Ukisema jana ulipunjwa: "Mizani haidanganyi!" Miaka kumi na tisa mtaa mzima umekula nyama kwa imani hiyo.

Kanisani, Mjomba ni mzee wa kanisa. Mchungaji alipotangaza kwamba tunaanzisha maktaba, yenye vitabu vya kuwajenga wakubwa na vya kuwalea watoto, Mjomba alisimama papo hapo akatoa kabati. Lilikuwa kabati la vioo la buchani, limestaafu juzi, bado lina kulabu tatu darini mwake, na ukilifungua kwa ghafla linakusalimia kwa harufu ya maini. Lakini kabati ni kabati. Na kwa kuwa kabati lilikuwa lake, ufunguo nao ukawa wake.

Ee bwana, ufunguo ule! Aliufunga kwa kamba nyekundu akautundika shingoni. Alilala nao. Alioga nao. Akipita mtaani aliuacha ugongegonge vifungo vya shati, ili hata kipofu ajue kwamba mwenye elimu anapita.

Sasa mimi, aliyenituma nani? Nimetoka chuoni juzi tu, damu inachemka. Kwenye kikao nilisimama, nikakunja mikono ya shati.

"Wapendwa!" nikasema. "Kitabu kibaya ni sumu! Kuna vitabu vinavyowaahidi watu utajiri kwa siku saba. Kuna vitabu vya watoto vinavyowatisha mpaka wakojoe kitandani. Naomba kila kitabu kisomwe kwanza na watu wawili, ndipo kiingie kabatini!"

Mjomba alicheka mpaka ufunguo ukaruka.

"Mpwa wangu, umesoma mpaka umepitiliza. Ukitaka nusu kilo ya nyama, unamla kwanza ng'ombe mzima ndipo ujue kama anafaa?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Nikakaa nusu, nikasimama tena.

"Mjomba, kitabu si nyama."

"Ni nyama ya roho! Mchungaji mwenyewe husema. Mtu mzima anataka mnofu. Mtoto anataka kipande kidogo asije akapaliwa. Kikizidi nusu kilo, cha mkubwa. Kikiwa chini ya robo, cha mtoto. Imeisha hiyo!"

"Na vya katikati?" aliuliza mchungaji, ambaye kwa upole wake huweza kumsikiliza hata mbu.

"Vya vijana. Hao hawasomi, kwa hiyo havitamdhuru mtu."

Kisha akapanda juu ya kiti, akaushika ufunguo kwa mkono wa kuume, akaapa. "Sikilizeni! Nikimpa mtu mmoja, mmoja tu, kitabu kisichomfaa, ufunguo huu nauvua mbele ya kanisa zima!"

Makofi yakalia. Nami nikasema moyoni: ufunguo ule nitauvaa mimi. Shingo nilikuwa nayo tayari.

*

Jumamosi tukaenda duka la vitabu. Mjomba mbele, mimi nyuma nimebeba mizani kama mtumishi wa mfalme. Mwenye duka alikuwa mama mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi, na inasemekana hakuna kitabu kilichokaa kwenye rafu zake kabla hajakisoma. Nilimpenda papo hapo.

"Karibuni. Mnatafuta vitabu gani?"

"Kilo ishirini," akasema Mjomba.

"Samahani?"

"Kumi na tano za wakubwa, tano za watoto. Mchanganyiko. Na usinijazie mifupa."

"Mifupa?"

"Hayo majalada magumu."

Akatundika mizani kwenye msumari wa kalenda. Kalenda ikaanguka, na siku zote za mwezi zikalala sakafuni. Kisha akaanza: anachukua, anatupia kwenye sahani, anafumba jicho moja, anatamka hukumu. "Mkubwa! Mkubwa! Mtoto! Mtoto! Hiki kirudishe, kimenyauka!"

Mama yule alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mzee wangu, hiki chembamba si cha watoto. Ni cha wanandoa walionuniana. Aliyekiandika amepatanisha watu miaka thelathini."

"Gramu mia moja na tisini. Mtoto! Nipe nakala kumi, zinatoshana vizuri na darasa la shule ya Jumapili."

"Na hicho kinene ni cha watoto wa miaka miwili. Ni kizito kwa sababu kurasa zake ni za ubao mwembamba, na ndani kina betri za..."

"Kilo moja na robo!" Mjomba alikuwa hamsikii tena. Alikikumbatia kama mwana mpotevu aliyerudi. "Mpwa, ona unene! Hiki ni cha Hakimu wetu wa kanisani!"

"Mzee..."

"Mama, mimi nimekufundisha kuuza?"

"Hapana."

"Basi nawe usinifundishe kununua."

Mama akanigeukia mimi. Nikatazama dari. Kuna ujasiri wa kikaoni na ujasiri wa mbele ya mjomba wako, na chuoni tulifundishwa ule wa kwanza tu. Akachukua kijitabu chenye picha ya punda aliyenuna. "Punda Asiyesema Asante. Hiki nakipenda kuliko vyote humu ndani," akasema taratibu. "Mpe yeyote atakayekisoma bila haraka."

Mjomba akakipima. "Gramu themanini! Mama, hiki si kitabu, hii ni harufu ya kitabu!" Lakini muuza nyama hakatai nyongeza. Akakitupia juu ya mzigo, tukaondoka.

*

Jumapili vitabu vikagawiwa. Watoto kumi wa shule ya Jumapili wakapewa ushauri wa ndoa, akiwemo binti wa mwisho wa Mjomba, wa miaka tisa, mtoto anayeuliza maswali mpaka paka anahama nyumba. Nyongeza yenye punda haikutakiwa na mtu, ikabaki peke yake kabatini, chini ya kulabu. Mimi nilipewa kitabu cha gramu mia tisa chenye dibaji ya kurasa arobaini. Na Hakimu, yaani hakimu mstaafu, mkuu wa wazee wa kanisa, mtu ambaye hata kupiga chafya hupiga kwa kufuata utaratibu, alikabidhiwa kile cha kilo moja na robo. Alikipokea kwa mikono miwili. Akainama kidogo, kwa heshima na kwa uzito.

Wiki ile ilikuwa ya ajabu. Fundi bomba na mkewe, waliokuwa hawajasemeshana tangu mwezi uliopita, waliitwa sebuleni na mtoto wao wa miaka saba. Aliwakalisha kwenye kochi moja, akafungua kitabu, akakohoa. "Nani alianza kunyamaza?" akauliza. Fundi bomba akamnyooshea mkewe kidole, mkewe akamnyooshea yeye. "Vidole chini," akasema mtoto. "Tuanze upya." Mpaka jioni walikuwa wanacheka kama wachumba.

Mimi moyo uliniruka. Vitabu vimeingia midomo isiyo yake! Ushahidi ninao! Jumapili iliyofuata nilifika kanisani mapema, nimevaa shati lenye ukosi mpana, wa kupokelea kamba.

Baada ya ibada mchungaji akasema, "Wapendwa, tusikie. Vitabu vimetujengaje?"

Hakimu akasimama wa kwanza.

"Ndugu zangu," akaanza, "katika maisha yangu nimesoma majalada mengi ya kesi. Sijakutana na kitabu kizito kama hiki. Ukurasa wa kwanza una neno moja tu." Akainua kidole ili neno lishuke. "Ng'ombe."

Wazee wakatikisa vichwa.

"Siku nne nimekaa kwenye ukurasa huo. Ng'ombe! Mwandishi hasemi ni wa nani. Hasemi anakwenda wapi. Anakuachia. Siku ya tano nikafunua wa pili. 'Bata.' Usingizi ukanipotea."

"Ng'ombe ni kanisa!" akasema mzee wa kwanza.

"Hapana, ng'ombe ni dunia!" akadakia wa pili. "Bata ndiye kanisa. Ona anavyoelea!"

"Bata gani wewe? Umekisoma?"

"Nilikiazima jana. Nilifika kwenye mbuzi, nikaogopa kuendelea."

"Tulieni," akasema Hakimu. "Hamjasikia fumbo lenyewe. Kitabu hiki hujibu." Akabonyeza alama nyekundu pembeni.

"Mooo!" kikasema kitabu.

"Amina!" likaitikia kanisa.

Mchungaji akajifuta uso wote kwa leso na kukawia sana humo ndani. Mjomba alikuwa amevimba mpaka kiti kinalia. "Mmeona?" akanguruma. "Mmesikia? Kilo moja na robo! Mizani haidanganyi!" Akanitazama, akauchezesha ufunguo kwa kidole. Nami, niliyekuja na hoja sita zilizoandikwa kwenye karatasi, nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Utampinga vipi mtu ambaye ushahidi wake unalia kama ng'ombe?

Hapo ndipo binti yake alipoinua mkono.

"Bwana asifiwe. Kitabu changu nimekisoma chote. Ukurasa wa hamsini na mbili unasema: ukiishi na mtu anayejifanya anajua kila kitu, usibishane naye. Mshike mkono, mtazame usoni, umwulize swali moja kwa upole."

Akatoka mstari wa watoto, akatembea mpaka kwa baba yake. Akamshika mkono, ule mkono mpana wenye alama za visu.

"Baba, kitabu cha Hakimu ulikifungua?"

"Nilikipima, mwanangu."

"Ulikifungua?"

Mjomba akatazama juu. Akatazama chini. Akamtazama Hakimu, ambaye alikuwa anakaa polepole ili asikie vizuri, na bahati mbaya akakalia kitabu.

"Mooo!"

Safari hii hakuna aliyesema amina.

"Sikukifungua," akasema Mjomba. Alijaribu kumnong'oneza mtoto, lakini mnong'ono wa Mjomba hufika getini. "Sijamaliza kitabu tangu nitoke shule. Herufi zinanikimbia, na mtu mzima kama mimi anaona haya kusoma kwa kidole. Nyama naijua, mama. Ndiyo maana nikapima."

Hakuna aliyecheka. Hakimu alikuwa anakichunguza kitabu chake upya, kwa mara ya kwanza upande wa nyuma, mahali palipoandikwa umri wa msomaji. Masikio yake yakageuka rangi.

Mjomba akauvua ufunguo mbele ya kanisa zima, kama alivyoapa. Ulikwama kidogo masikioni, ukatoka. Akampa mchungaji.

Nikasogea mbele. Nikainamisha shingo, kwa unyenyekevu.

"Ufunguo huu," mchungaji akasema, "atautunza mtu aliyemaliza kitabu chake wiki hii. Mpaka ukurasa wa mwisho." Akanitazama. "Wewe, msomi wetu?"

"Mimi... niko kwenye dibaji, mchungaji. Ukurasa wa kumi na moja. Ni dibaji yenye mambo mengi."

Akanipita kama unavyopita nguzo. Akamvisha ufunguo binti wa miaka tisa, na ufunguo ukamfika kitovuni.

Kazi yake ya kwanza kama mtunza maktaba ilikuwa kulifungua kabati, kuchutama chini ya kulabu na kutoka na nyongeza.

"Baba, wewe anza na hiki. Soma na kidole chako, hakuna neno. Kesho jioni nitakuuliza maswali."

*

Kesho yake asubuhi nilipita buchani kununua nyama. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni. Watu kumi na mmoja, vikapu mkononi, na hakuna anayehudumiwa.

Mjomba alikuwa ameketi juu ya gogo la kukatia nyama, miguu haigusi chini, miwani ya mkewe puani. Kidole chake kinene kilikuwa kinatembea chini ya mstari, taratibu, kama mtu anayevusha kizee barabara.

"Mzee, nusu kilo tu!" akalia mama mmoja.

"Subiri! Punda amebeba maji mlima mzima, hajasema kitu. Nadhani sasa atasema."

"Nina wageni!"

"Na yeye ana kiu!"

Kidole kikafika ukingoni. Mjomba akafunua ukurasa, na kumbe ndio ulikuwa wa mwisho. Midomo ikamchezacheza. Kisha yule bwana mwenye kifua kama mlango wa ghala akavua miwani akajifuta macho kwa aproni, akaacha alama ya damu kwenye kila shavu.

"Amesema," akatuambia kwa sauti nzito. "Mwishoni kabisa. Amesema asante."

Akashuka kwenye gogo. Akakifunga kijitabu, na kwa mazoea ya miaka kumi na tisa akakiweka kwenye sahani ya mizani. Mshale ukatikisika, ukatulia.

Akakunja uso. Akaipiga mizani kofi, akakipima tena. Akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Gramu themanini?" akanguruma. "Kitabu hiki? Haiwezekani! Mizani hii ni mbovu!"

Watu kumi na mmoja, vikapu mkononi, wakageuka polepole kumtazama.